Zeze la Baba Yake Yotham

Tangu kituo cha Gulwe, ndani ya gari la moshi, Yotham alikuwa akikwaruza zeze la marehemu baba yake, wimbo mmoja tu, na akikosea palepale. Mimi na kuku wangu tuliketi kati yake na mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, tukivumilia kama wenye adabu.

Mwishowe yule mfanyabiashara akalipuka. "Bwana wee, una mvi! Zeze hufunzwa utotoni. Vidole vyako vigumu kama kwato, havisikii uzi!"

"Vimekomazwa na reli hii unayopitia!" Yotham akafoka. "Miaka minne nimembebea Mdachi vyuma, baba akafa sipo. Kesho tunaondoa tanga. Nisipoupiga wimbo wake mbele ya ukoo, binamu yangu ndiye atakayepewa zeze."

"Basi apewe! Kwani yeye anajua kupiga?"

"Anajua. Ndiyo maana simtaki!"

Hapo hata kuku wangu alimwelewa.

Gari likasimama Dodoma. Yotham akashuka na zeze lake kwapani, hakuaga mtu. Yule wa Kondoa akatoa kichwa dirishani, mishipa ya shingo imemsimama.

"Tangu asubuhi unabonyeza kwa kidole cha pili, mjinga wee! Cha tatu! Cha tatu!"