Eirwen Probert Anaondoka Dirisha la Tatu

Ijumaa tarehe 22 Machi 2024, saa kumi na moja jioni, Eirwen Probert atazima kompyuta yake kwenye dirisha la tatu la ofisi ya mafao ya Pontwern na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minane na nusu ya kazi. Kamati ya tawi imenitaka mimi, Meinir Pugh wa dirisha la nne, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la chama chetu cha wafanyakazi, maana nimekaa ubavuni kwake miaka kumi na mitano na chai yake naijua kuliko mumewe anavyoijua. Kamati imesema pia niandike kwa ufupi na nisilie. Hilo la ufupi nitajaribu.

Eirwen ni mtoto wa hapa hapa, binti wa mchimba makaa. Mwaka 1984, wachimbaji wa bonde zima walipogoma mwaka mzima, alikuwa msichana wa miaka ishirini, na kila Ijumaa alisimama kwenye ukumbi wa wachimbaji akipakia mifuko ya chakula kwa ajili ya familia za wagomaji: viazi, mkate, kopo la nyama, majani ya chai. Kiongozi wa chama alipewa mfuko ule ule aliopewa mfagiaji, na hakuna aliyeombwa karatasi. Wanawake walikuwa wakiimba huku wakipakia, na kwa jinsi ninavyomjua, yeye ndiye aliyekuwa akiwaharibia sauti. Husema kwamba mifuko ile haikumuumiza hata siku moja, kwa sababu ilikuwa na mwisho. Kila aliyeipokea alijua kwamba mgomo ukiisha atarudi kununua viazi vyake mwenyewe.

Mgomo uliisha Machi 1985, tumeshindwa, na mgodi ukafungwa. Septemba ya mwaka huo Eirwen aliajiriwa ofisi ya mafao, inayowalipa wasio na kazi posho ya serikali, na mtu wa kwanza kuketi mbele yake alikuwa mjomba wake. Kanuni ni kanuni, akamwomba kitambulisho. Mjomba akapandisha sauti ofisi nzima ikasikia: “We mtoto! Nimekubadilisha nepi mimi, leo unaniuliza mimi ni nani?” Hata hivyo alikitoa.

Dirisha la tatu siku hizo lilikuwa la malipo ya dharura. Alikuja mama aliyeibiwa pochi, mzee ambaye jiko lake limekufa, baba ambaye karatasi zake zimepotelea wizarani. Eirwen alimsikiliza, akauliza maswali yake, akatia sahihi, na mtu yule akatoka na fedha mkononi siku ile ile, maduka yakiwa bado wazi. Wala msidhani alikuwa mtu wa kuchezewa. Kuna jamaa mmoja, jina nalihifadhi maana bado tunakutana naye dukani, alimzika bibi yake mara tatu ndani ya miaka miwili. Alipokuja na msiba wa nne, Eirwen akamwambia kwa upole, “Kipenzi, huyo bibi mpumzisheni sasa, amechoka kuchimbiwa.” Kila mtu kwake ni kipenzi, hata wale waliomtukana matusi ya nguoni, na walikuwa wengi.

Mwaka 2013 wizara iliyaondoa malipo yale. Serikali yetu ya hapa, kule Cardiff, ilianzisha mfuko wake, wa kuombwa kwa simu na kusubiriwa, na baadaye kidogo ukaja utaratibu mpya ambao anayeanza kuomba posho husubiri wiki tano kabla hajaona kitu. Wiki tano! Sisi wa madirishani tulipewa kitabu cha vocha. Unatia sahihi, unachana, unampa mtu karatasi aende ukumbi wa kanisa la Bethania, kwenye benki ya chakula, akapewe makopo ya siku tatu. Eirwen alikitazama kitabu kile kwa muda mrefu siku kilipoletwa. Kisha akaenda Bethania kujiandikisha awe anapakia maboksi kila Jumamosi, kwa sababu, alisema, hawezi kuwatuma watu mahali asipopajua.

Kosa lake kubwa, ambalo humsimulia kila mfanyakazi mpya, alilifanya huko huko, majira ya baridi ya kwanza. Alimpakia mzee Gwilym Treharne, mchimbaji mstaafu, boksi limejaa tambi, mchele na unga, akalifunga na utepe kabisa. Jumatatu mzee akalirudisha dirishani, mbele ya foleni nzima. “Eirwen,” akasema, “mita yangu ya gesi ni ile ya kulipia kwanza, na haina kitu tangu Alhamisi. Nimejaribu kuzitafuna hizi tambi zikiwa kavu. Meno yenyewe ya bandia, yamekataa.” Watu walicheka, na mzee mwenyewe alicheka. Eirwen hakucheka. Tangu siku ile swali lake la kwanza, hata kabla ya jina, ni “Una gesi?” Asiye nayo hupakiwa boksi la birika, la vyakula vinavyoiva kwa maji ya moto ya birika la umeme tu. Maboksi hayo Bethania aliyaanzisha yeye.

Hapo ndipo alipoandika hoja. Ilikuwa mistari minne tu: chama kiibane serikali irudishe malipo ya dharura ya siku ile ile kwenye dirisha la kila ofisi. Mwaka 2014 aliipeleka kwenye mkutano mkuu wa chama, Brighton. Ikapita kwa kura zote, makofi yakapigwa, waziri akaandikiwa barua, naye akajibu kwamba ameipokea. Mwaka uliofuata akairudisha. Na uliofuata tena. Mawaziri walibadilika hadi tukaacha kuandika majina yao kwenye bahasha, tukawa tunaandika cheo tu. Mjumbe mmoja wa Scotland alikuwa akimtania akimwona anapanda jukwaani: “Haya, mama wa hoja huyo, zimeni taa tulale!” Naye hujibu, “Laleni tu, wapenzi, kwenye kura nitawaamsha.”

Siku moja nilimuuliza hachoki? Tulikuwa tunakula keki za zabibu kavu alizozikaanga mwenyewe, mdomo umejaa. Aliniambia siku atakayostaafu hataki saa ya ukutani wala maua. Anataka, mara moja tu kabla hajaondoka, amlipe mtu mwenye njaa pale dirishani, siku ile ile, kama zamani. “Mmoja tu, Meinir. Halafu mnifukuze.” Alisema kwa mzaha, lakini macho hayakuwa ya mzaha.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini nikiparuka nitakuwa nimeandika wasifu wa uongo.

Novemba 2022 mume wangu alipunguziwa saa za kazi, bei ya gesi ikapanda, na mshahara wangu mimi, mtumishi wa serikali na katibu wa tawi la chama, ukawa hauvuki tarehe kumi na nane. Vocha nilikuwa nazigawa kutwa, lakini kanuni hazimruhusu mtu kujitilia sahihi, na kumwomba Eirwen nisingeweza. Bora kufa. Nesi wa shule ya wanangu, ambaye naye ana kitabu cha vocha, akanitilia yeye. Nilijikaza, nikaenda Bethania Jumamosi, nimevaa kofia hadi kwenye nyusi, nikijidanganya kwamba wiki ile huenda hayupo. Alikuwepo. Alikuwa nyuma ya meza ya kwanza, amevaa aproni, na mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alinitazama kama anavyomtazama kila mtu. Akauliza, “Una gesi, kipenzi?” Nikasema ninayo kidogo. Akapakia. Hakuniuliza kitu kingine, wala hakuniongezea hata kopo moja kuliko mama aliyenitangulia, na hilo nililishukuru kuliko chakula chenyewe. Nilipofika nje alinifuata na aproni yake kwenye mvua. Ndipo uso ulipomshuka. “Mwaka wa themanini na nne nilimpakia baba yako,” akasema. “Alikuwa akibeba mfuko begani, anacheka. Tukaambiana, hawa watoto tutakaowazaa hawataliona jambo hili. Tuliambiana hivyo, Meinir.” Nikamwambia anyamaze, watu wanaangalia. Tukasimama pale tunalia sote wawili, wanawake wazima, nimekumbatia boksi la maharage ya kopo.

Februari tuligoma, kama ofisi nyingine nyingi. Eirwen alisimama langoni kwenye baridi siku zote za mgomo, na watu wetu wa foleni, wale wale tunaowapa vocha, wakawa wanatuletea chai kwenye vikombe vya nyumbani kwao. Bwana mmoja alimwambia, “Nyinyi nao mna njaa? Basi nchi imekwisha!” Mgomo ule ulituletea malipo ya mara moja na maneno mazuri. Si haba. Nililipa gesi.

Mei 2023 akapanda tena jukwaani Brighton. Hakusoma hoja. Aliiweka chini, akasema: “Kila aliyemo humu anayefanya kazi kwenye ofisi za mafao, na aliyewahi mwaka huu kula chakula cha benki ya chakula, ainue mkono.” Mimi nilikuwa safu ya sita. Hakunitazama, na najua alifanya makusudi asinitazame. Nikainua. Nilidhani niko peke yangu. Nilipogeuka niliona mikono huku na kule hadi nyuma kabisa, na mmoja ulikuwa wa yule Mscotland wa kuzima taa. Hoja ilipita bila kofi hata moja. Barua ikaenda kwa waziri, na jibu likaja kwamba imepokelewa.

Hivyo basi dirisha la tatu bado halilipi kitu, na zimebaki siku chache.

Jumanne iliyopita alikuja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, posho yake imekatwa kwa sababu alikosa miadi, na miadi aliikosa kwa sababu mtoto alikuwa hospitalini. Nililisikia kila neno kutoka dirisha la nne. Eirwen aliwapigia simu watu wanne. Wa nne alimwambia majibu yatatoka baada ya siku kumi za kazi. Kisha akamuuliza yule mama kama ana gesi, akatia sahihi, akachana vocha. Yule mama akaipokea kwa mikono miwili, akasema, “Asante sana, mama. Mungu akubariki,” akaondoka.

Eirwen alikigeuza kibao chake kwenye “Limefungwa” na kuja kukaa kwenye kiti changu cha wageni. “Amenishukuru,” akasema. “Zamani hawakuwa wakinishukuru, Meinir. Walikuwa wanachukua chao na kunitukana kwa sababu ya foleni. Nawakumbuka sana wale. Natamani mmoja aje anitukane.” Nilimpa leso yangu.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa hiyo hiyo, saa moja jioni, klabu ya raga. Kila mtu alete kitu cha kula. Eirwen mwenyewe atatuimbia, tumejaribu kumzuia.

Mahali hapa wasifu wa namna hii huweka shukrani. Tawi limekaa na kukubaliana kwamba neno “asante” kwa mtu huyu tusilitumie, analo la kutosha na limemuumiza. Tumeiandika hoja upya, mistari ile ile minne, na mwaka huu nitaisoma mimi, ambaye nikiona kipaza sauti hutafuta mlango wa kutokea. Nisipofanikiwa nitairudisha mwakani, na nikistaafu atairudisha atakayenifuata.

Nenda ukapumzike, kipenzi chetu. Tunakuombea afya, na bustani isiyo na konokono, na umri mrefu, mrefu wa kutosha kukufikisha asubuhi ile utakapopita nje ya ofisi yetu na kikapu chako, ukamwona mtu anatoka dirisha la tatu na fedha yake mkononi, amenuna, anatusonya kwa sababu ya foleni.