Wasifu wa Marehemu Lidwina Thadei Mapunda, Mlezi wa Wadudu Kibibi

Dada yetu Lidwina alizaliwa Hanga, wilayani Namtumbo, tarehe 4 Machi 1971. Alisoma huko huko, kisha akasomea kilimo Morogoro na kupata stashahada mwaka 1995.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kituo kimoja cha kilimo hapa Songea. Kazi yake ilikuwa kufuga wadudu kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi, na kuwagawia wakulima ili wamalize vidukari kwenye kabichi. Watu walimcheka. Hawakujua kwamba mdudu huyo ana masharti yake: baridi ikizidi anadumaa, joto likizidi anafia ndani ya yai.

Tarehe 21 Novemba 1998 alifunga ndoa na Valence Ngonyani, fundi cherehani wa Msamala, wakajaliwa Beda na Rosemary. Kila Juni, baridi ilipoanza, Lidwina alilala na chupa ya mayai ya wadudu ndani ya kitenge. Valence alinilalamikia: "Shemeji, dada yako anakumbatia mayai, mimi naachiwa ukuta."

Oktoba 2022 kituo kilitarajia wageni wakubwa. Meneja alitaka chumba cha wadudu kiwe cha kunywea chai, na masanduku yao yahamishiwe stoo ya bati. Lidwina alimsihi.

"Joto la siku mbili tu, Mama Beda. Mbona kuku wanavumilia?"

"Kuku jua likimzidi anakimbilia kivulini, bosi. Yai litakimbilia wapi?"

Yakahamishwa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikunywa chai yao, na kizazi chote alichokilea kikaangamia. Wakulima walipouliza, waliambiwa Lidwina alizembea, naye akaachishwa kazi. Hilo linatuuma hadi leo, na sitalisoma kwa sauti laini ili kumfurahisha mtu.

Tangu hapo presha haikumwacha, na baadaye moyo. Hata kitandani aliuliza kama chupa imefunikwa vizuri, maana alikuwa ameokota wadudu wachache bustanini na kuanza upya. Alifariki nyumbani Msamala tarehe 9 Julai 2024, alfajiri. Kituo kimeleta shada kubwa la maua. Tumelipokea.

Ameacha mama yetu, mume, watoto wawili, mimi mdogo wake Hironimus, na chupa ile moja, ambayo Valence analala nayo kifuani tangu juzi.

Dada, pumzika kwa amani. Chumba hiki hawatakuomba uwapishe wageni.