Filamu Isiyoua Mtu

Gari la waya, lile linaloning'inia angani, lilipoanza kuteremka kutoka El Alto mlimani kuelekea mjini, mwanamume mnene mwenye kikapu cha mikate alikuwa tayari anabishana na msichana asiyemjua.

"Dada, usinidanganye. Filamu ya wanawake wawili wanaopendana, lazima mmoja afe. Au aozwe kwa nguvu. Nimeona za nchi nyingi mimi."

"Hii hafi mtu, kaka. Majirani wanawasema, padri anawakanya, wao wapo tu. Wanazeeka."

"Halafu?"

"Wanamenya viazi, inaisha, taa za ukumbi zinawaka."

"Yaani nikate tiketi nitazame viazi!"

Hilaria, aliyeketi mkabala nao akifuma soksi, alisimamisha sindano. Miaka thelathini na moja amewaambia watu kwamba Benita, anayeishi naye, ni binamu yake. Mapenzi kama yao, hata kwenye sinema, aliyajua yanaishia kaburini. Kumbe wapo walioachwa wazeeke, tena mbele ya ukumbi mzima! Alitazama mji chini yake kana kwamba umejengwa asubuhi hiyo.

"Mama, tuamulie," mwanamume alimgeukia.

"Ni viazi gani?" Hilaria aliuliza.

"Vile vidogo vyeusi," alisema msichana, "vyenye mabonde mabonde, vigumu kumenya."

"Basi wanapendana kweli. Vile mimi na Benita hutuchukua asubuhi nzima."

"Benita ndiye nani?"

Neno binamu lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Ndiye ninayemenya naye viazi," alisema, na mlango ukafunguka.