Masomo Hayanyauki Kama Miraa

Bwana asifiwe, ninyi wote mliofika na mvua hii! Mimi ni Kendi, wa hapa hapa Laare, na nina neno la kumshukuru Mungu.

Ndugu zangu, mnajua miraa hutafunwa ikiwa mbichi; ya jana haina mnunuzi. Inakatwa asubuhi, inafungwa kwa majani ya ndizi, gari linaondoka. Ukikata mapema, inanyauka. Basi mimi nilidhani masomo ni vivyo hivyo! Nilijiambia nikisoma mwanzo wa muhula, kufikia mtihani yote yatakuwa yamenyauka kichwani. Kwa hivyo vitabu vyangu vililala hadi wiki ya mtihani, ndipo nikaanza kukimbizana na kila somo kwa pamoja. Na nilijiona mjanja! Waliosoma kila jioni niliwacheka mbele ya darasa zima.

Kidato cha tatu, muhula wa pili, ujanja ukaniishia. Niliisoma karatasi ya Kemia, nikairudia. Hakuna kitu! Jasho tu, na moyo ulinigonga hadi nikadhani msimamizi anausikia. Nilipata D karibu kila somo. Baba aliisoma ripoti akiwa amesimama. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kendi, nimeongea na mnunuzi. Anataka mtu wa kufunga miraa. Ukileta hii kitu tena muhula ujao, unavua yunifomu."

Baba yangu hasemi jambo mara mbili. Nami tangu utotoni nilitaka kuwa muuguzi. Nililia mbele za Mungu, nikamwomba akili mpya.

Jibu lake lilinikasirisha, nisiwadanganye. Likizo hiyo mama alinipeleka Embu, kwa tata, yaani dada yake, ambaye hushona nguo mtaa wa Majimbo. Tukimaliza chai tu, tata ananiwekea kitabu cha Kemia kando ya cherehani. "Soma ukurasa mmoja. Funga. Sasa nieleze." Nikasema maneno machache, nikakwama. "Rudia." Nikarudia hadi nikamchukia! Kesho yake, kabla ya ukurasa mpya, akaniuliza ule wa jana.

"Tata, huo si tulimaliza? Umeshatoka kichwani."

Akasimamisha cherehani. "Nani amekuambia? Hebu sema."

Nikafungua mdomo, na ndugu zangu, ukurasa ukatoka wote! Haukuwa umenyauka hata kidogo. Nililia pale pale juu ya vitambaa vya wateja, tata akaniambia nitavilowesha. Haleluya! Mungu alikuwa amenijibu, ila alinijibu kwa kazi.

Shule ilipofunguliwa nikaendelea hivyo, kila nikitoka darasani, kabla ya kitu kingine chochote. Lakini adui hakuniacha. Siku ya mtihani wa Kemia, swali la kwanza, jasho likarudi! Nikasikia moyoni: "Vua yunifomu." Nikafumba macho, nikaanza kuuelezea ukurasa wa swali hilo kwa midomo, kama niko mbele ya tata. Msimamizi akadhani namnong'onezea jirani. Akaja akasimama nyuma yangu, kalamu nyekundu mkononi, tayari kuandika kwenye karatasi yangu kwamba nimedanganya. Nikabana midomo, nikaomba, "Bwana, usiniache sasa." Na mkono ukaanza kuandika. Yeye amesimama, mimi naandika, hadi akachoka akaenda.

Ripoti ilipokuja, baba aliisoma tena akiwa amesimama. Kisha akatoa simu, akampigia yule mnunuzi. "Tafuta mkono mwingine, bwana. Huyu ni wa shule."

Ndugu zangu, nilianguka chini kwa shukrani! Utukufu ni wa Mungu, na asante tata, popote unaposhona asubuhi hii. Na wewe kijana hapo nyuma, unayesema mtihani bado uko mbali, mwamini Mungu huyu. Lakini ukitoka hapa leo, soma ukurasa mmoja, ufunge kitabu, umweleze mama yako jikoni. Akikuambia urudie, rudia.