Sagynaly, Aliyesimamisha Gari Lililokwisha Kuombewa Dua

Ifikapo tarehe 30 Septemba 2024, Ndugu Sagynaly Mambetkulov, mkaguzi mkuu wa magari yaliyokwisha kutumika, hapa Gereji ya Kök-Jal, Bishkek, atavua koti lake la bluu na kulitundika kwa mara ya mwisho. Ametumikia gereji hii kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa mimi, Satarkul wa kitengo cha breki, niandike habari zake kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa ya wiki hiyo. Wenye elimu ya kuandika wapo tele ofisini, lakini mambo yenyewe yalipotokea, aliyekuwapo ni mimi.

Sagynaly alikuja kwetu mwaka 1993 akitokea Kochkor, ambako alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe. Wakati huo gereji ilikuwa na jeki moja na mbwa mmoja, na jeki ilikuwa kali kuliko mbwa. Mimi nilikuwa nikiinua magari kwa mikono. Anayebisha akawaulize mashahidi, ingawa wote wamehamia Urusi.

Aliajiriwa afunge tairi, lakini haikuchukua muda ikaonekana kwamba yule bwana ana sikio. Siku moja alikuwa chooni, ng'ambo ya soko la magari, akasikia mnyororo wa injini unalia katikati ya magari mia tano yanayonguruma. Akatoka mbio, mkanda mkononi, akamkamata mnunuzi bega kabla hajatoa pesa. Tangu hapo akawa mkaguzi, na sifa yake kubwa ikawa sedani za mbio: zile za Kijerumani za silinda nane na za Kijapani zenye tabo mbili za kusukuma hewa, ambazo kila kijana wa Bishkek huziota akiwa amelala na akiwa macho.

Alikuwa akituambia kwamba gari la kawaida likidanganya hudanganya kwa aibu, ila sedani ya mbio hudanganya huku inacheka. Hakuna aliyewahi kuinunua ili aiendeshe polepole. Kwa hiyo hakuanza na rangi wala viti. Alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, alimgeukia muuzaji: "Mbona mgonjwa amepewa dawa kabla daktari hajafika?" Maana injini mbovu ikishapashwa moto husahau kikohozi chake, na yeye alitaka kuisikia ikiamka baridi, na kuuona moshi wake wa kwanza. Moshi wa bluu ulimwambia injini inakula oili. Mweupe usiokatika, wenye harufu tamu, ulimwambia maji yameingia pasipopaswa.

Ndani ya gari alivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu muuzaji husafisha kile kipande kinachoonekana na kuacha tope la mafuriko kule ndani. Aliangalia mpira wa pedeli. Saa ya kilomita ikisema gari limetembea kidogo na pedeli imelika mpaka chuma, aliuliza kwa upole kama mwenye gari alikuwa akicheza ngoma humo ndani. Aliwasha swichi bila kuwasha injini na kutazama kama taa ya mifuko ya hewa ya kuokoa abiria inawaka pamoja na taa nyingine kisha inazimika. Isiyowaka kabisa ilimtisha kuliko isiyozimika, kwa kuwa maana yake mtu ameing'oa. Barabarani alizima redio. Muuzaji akianza kusifu gari, alimwambia, "Nyamaza, kaka, liimbe lenyewe." Kisha aliachia usukani kidogo aone linavutia upande gani, akakanyaga breki kwa nguvu, na kuisikiliza gia boksi kama inagonga ikibadilisha.

Na vijana aliwajua. Kijana akija macho yanameta, Sagynaly alimuuliza, "Hili umeshalioa au bado mnachumbiana?" Akijibu kwamba ameshalioa, Sagynaly alimtuma akanywe chai kwanza.

Lakini habari ninayotaka ibaki kwenye karatasi hii ni ya vuli ya mwaka 2006, siku alipoletewa gari lililokwisha kuombewa dua.

Kijana aitwaye Ularbek alikuwa anaoa Talas. Kesho yake alitakiwa avuke mlima wa Töö-Ashuu akamchukue bibi harusi na dada zake, kisha arudi nao kwa njia ileile, kona juu ya kona, bonde chini yake halionekani mwisho. Ukoo mzima ulichangia sedani nyeusi ya silinda nane. Nilipoisikia ikiingia uwanjani kwetu, kijiko kilitembea chenyewe ndani ya kikombe changu.

Sisi tunajuana. Gari jipya huchinjiwa kondoo, na mzee huliombea dua mikono wazi. Ila kuna utaratibu: kwanza ukaguzi, halafu dua. Siku hiyo wajomba walikuwa na njaa. Kondoo alikuwa amekwisha kuchinjwa, na babu yake bwana harusi, Mzee Beishenbai, alikuwa ameshakunjua mikono, ameomba, na watu wote wameshapaka nyuso zao wakasema amina. Gari lilikuja kwetu kwa heshima tu.

"Zungukazunguka, kaka, utuambie ni zuri," mjomba mmoja alimwambia Sagynaly. "Nyama iko jikoni."

"Nyama haina miguu, itangoja," alijibu Sagynaly, akaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Muuzaji, mtu mmoja mnene aliyeitwa Zamir, alicheka akasema ni jua. Nje kulikuwa na mawingu.

Sagynaly alichukua kipima rangi, kile kidude kinachosema rangi ina unene gani. Boneti ilikuwa sawa, na milango ya mbele sawa. Alipofika kwenye nguzo za paa, nyuma ya milango ya mbele, kipimo kilipanda kama mtu ameegemeza mkate wa tanuri pale na kuupaka rangi. Upande wa pili, hivyohivyo. Akaniita nishike tochi. Tukakunja zulia la sakafu mbele ya viti vya nyuma, na nikiri kwamba mimi, niliyewahi kumtazama mbwa mwitu machoni kule Suusamyr mpaka akaomba radhi, niliangusha tochi. Mstari wa kuchomelea ulikatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango, umefunikwa kwa pati ya kuzibia na lami. Lilikuwa nusu ya mbele ya gari moja na nusu ya nyuma ya jingine.

"Lina mama wawili hili," Sagynaly alisema. "Likipigwa breki kali mlimani, kila nusu itarudi kwa mama yake."

Bwana harusi akawa mweupe. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Mzee Beishenbai. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akirudisha dua. Dua ya mzee ikirudishwa kwetu ni mkosi kwa harusi na ni aibu kwa mzee mwenyewe, na kila aliyesimama pale alilijua hilo. Zamir alilijua kuliko wote.

"Mzee amekwisha kusema," Zamir alisema akitabasamu. "Sasa fundi anapanda juu ya neno la mzee?"

"Mwanangu," mzee alimwambia Sagynaly, "nimeshaliombea. Niirudishe dua niitie wapi, mfukoni?"

Wajomba walitazama viatu. Mmoja alimnong'oneza Ularbek aende nalo polepole tu, Mungu mkubwa, na kijana yule, kwa kumwogopea babu yake, alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa. Nawaambia, lilibaki pumzi moja tu watoto wale wapande kifo chao kwa ajili ya adabu.

Sagynaly alivua kofia, akaikumbatia kifuani, akamsogelea mzee.

"Mzee wangu, samahani, mimi nilichelewa, sikuisikia dua. Uliomba nini?"

"Nini tena? Waende salama, warudi salama."

"Basi, mzee, dua imejibiwa. Wewe umeomba, mimi nimetumwa kukunja zulia."

Mzee alicheka, meno matatu yote nje, akampiga Zamir begani kwa fimbo, si kwa nguvu sana lakini si kidogo pia. "Umesikia? Imejibiwa! Ondoa gari lako la msumeno hapa, na nyama yetu huionji!"

Zamir aliondoka na gari lake taratibu kuliko alivyokuja, akiogopa matuta. Namba za lile gari Sagynaly alizipeleka polisi mwenyewe, ili lisije likauziwa mtoto wa mtu mwingine. Nyama tuliila. Mimi nilikula bega zima, maana kushika tochi si kazi ndogo.

Kesho yake Ularbek alivuka Töö-Ashuu ndani ya Zhiguli ya Sagynaly, gari la Kirusi lenye umri mkubwa kuliko bibi harusi, Sagynaly mwenyewe kwenye usukani. Wakati wa kurudi, maji yalichemka kwenye rejeta, wakasimama mlimani ipoe. Bibi harusi, Aizada, alishuka na shela lake akayapigia makofi malori yaliyokuwa yakiwapita, na yote yakampigia honi. Walifika jioni, wazima, wananuka petroli.

Kwenye karamu, ulipofika wakati wa kutaja baba wa pili wa maharusi, yule ambaye kwa desturi yetu hupewa ndoa changa aiangalie maisha yake yote, watu walitegemea atatajwa mkuu fulani mwenye gari kubwa. Mzee Beishenbai alisimama akamnyooshea fimbo Sagynaly. Sagynaly na mkewe Burulsun hawakujaaliwa mtoto. Bwana huyu, ambaye sijawahi kumwona akilia hata jeki ilipomwangukia mguuni, alitoka nje kwenda kuangalia maji ya rejeta, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Leo Ularbek na Aizada wanalima maharage Talas, na wana watoto wanne wanaomwita Sagynaly babu bila kuongeza neno lolote. Wamemjengea yeye na Burulsun vyumba viwili uani kwao. Ndiyo maana hatabaki mjini.

Ndugu Sagynaly, kwa niaba ya Kök-Jal, kuanzia ofisini hadi shimo la oili, tunakushukuru. Wapo watu katika mji huu wanaoendesha magari yao asubuhi hii na hawajui kwamba wako hai kwa sababu wewe ulisema hapana. Sisi tunajua. Jumamosi utafunga mizigo juu ya Zhiguli na kuvuka mlima, na safari hii hutarudi. Mimi si mzee wa kuombea watu, bado nina nguvu za fahali wawili, lakini nimekunjua mikono hapa mezani kabla ya kuandika mstari huu: uende salama, ufike salama, na watoto wakusikie ukija toka mbali. Amina.