Ukurasa wa Pili Ulikuwepo

Ukurasa wa pili ulikuwepo. Nimeanza na hilo kabla ya kuwasalimu, maana nikianza na salamu nitapata nafasi ya kubadili nia. Kwa miaka saba niliwaambia ndugu, majirani, hata mchungaji wetu, kwamba siku ile ya kuuza shamba nilisaini karatasi moja tu, na kwamba ya pili kaka yangu aliichomeka baadaye. Si kweli. Kurasa zilikuwa mbili, zimebanwa pamoja, na niliugeuza ule wa kwanza kwa mkono wangu huu.

Sasa, Bwana asifiwe, wapendwa. Naona kuna mama pale nyuma ameshaanza kucheka. Subiri kidogo, mama, ya kuchekesha yako mbele.

Shamba lilikuwa la babu, huko Mkoa wa Mashariki, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Sisi tulikulia Ngara, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambako baba alikuwa mwalimu, lakini kila likizo ndefu tulipelekwa kwa shangazi. Yeye alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, na babu akamkatia kipande upande wa chini, mbele ya ukoo wote, watu wakinywa pombe ya mtama. Kipande cha namna hiyo kwa Kinyarwanda huitwa urwibutso, yaani ukumbusho: baba humpa binti yake asije akasahau alikotoka. Hakikuandikwa popote. Mpaka wake ulikuwa ua wa minyaa alioupanda shangazi mwenyewe, na sisi watoto tulikatazwa kuvunja vijiti vyake kwa sababu utomvu ukiingia machoni utajuta.

Harufu ya jiko lake ninayo mpaka leo. Moshi, mtindi, viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu. Tulilala watatu, shangazi katikati, kwenye mkeka mmoja, na tukiamka ziwa lilikuwa halionekani, ukungu mtupu, hata kaka alinidanganya kwamba limehama. Nilimwamini. Ndugu zangu, nimelala hoteli nyingi kwa ajili ya semina za waandishi, lakini usingizi ule sijaupata tena.

Babu akafa, kisha baba. Hati ikatoka kwa majina mawili, la kaka na langu. Shangazi hakuandikwa, nani asiyejua kwamba pale ni kwake? Ndipo ikaja kampuni kutoka nje ya nchi, ikitaka kujenga nyumba za watalii. Tulikubaliana kuuza upande wa juu tu, wenye mikaratusi. Komisiyoneri, dalali wetu, akaandaa mkataba kwa Kinyarwanda, akatuita mgahawani Kibagabaga tuusome kabla ya kwenda kwa mthibitishaji wa mikataba.

Hapa naomba huruma yenu, ninyi mliolelewa Kampala na wenzangu wa Tanzania. Ninyi wa Bujumbura mnaweza kutucheka, Kirundi, pacha wa Kinyarwanda, kimewaokoa. Kinyarwanda cha sokoni tunacho. Cha kugombana na jirani tunacho sana. Lakini kile cha mihuri, mnakisoma kweli? Mimi nina shahada mbili na ninaandika makala magazetini, na mbele yangu amekaa dalali wa umri wa kuwa mwanangu. Ningemwambiaje kwamba sielewi? Nikavaa miwani. Nikapitisha macho polepole, nikakunja uso kila nilipokuta neno refu, nikageuza ukurasa.

"Iko sawa, mama?" dalali akauliza.

"Iko sawa," nikasema. "Ila hapa mngeweka mkato."

Haya, mama, cheka sasa.

Ukurasa wa pili ulisema tunauza mteremko wote, na kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye haki juu yake. Mthibitishaji alituuliza kama tumeelewa. Nikasema yego, ndiyo. Kaka, ambaye naye alisoma Ngara kama mimi, akanitazama kwanza, kisha akasema yego.

Msimu haukuisha, ua wa minyaa uling'olewa na waya ukapita. Shangazi akafika kwangu Kagarama na mabunda mawili ya nguo na kibuyu chake cha maziwa. Ukoo ukakusanyika. Kaka akasema, "Dada alisoma. Yeye ndiye msomi wetu." Nami nikasema ukurasa wa pili sijawahi kuuona.

Basi, ikawa kesi ya kurasa. Nani aliuchomeka ule wa pili, lini, kwa nini. Miaka saba. Kwenye harusi za ukoo kaka alikuwa akikaa karibu na mlango, peke yake. Mimi niliandika makala kali kuhusu wageni wanaomeza ardhi za mababu, na watu walinipongeza.

Nilinaswa hospitalini, siku nilipompeleka shangazi kupimwa macho. Walimpa karatasi, akanipa nimsomee. Nikaanza, nikakwama. Nikaanza tena.

"Maandishi ni madogo, shangazi."

"Madogo kwako wewe mwenye miwani?" Tukatoka hadi kwenye benchi la nje. "Mwana wa kaka yangu, wewe husomi."

"Ninasoma."

"Husomi. Ile karatasi ya shamba uliisomaje?"

Nilitazama viatu vyangu. "Sikuisoma. Na zilikuwa mbili."

Nilingoja machozi. Akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikakatika. "Mtoto yule, kaka yako, alikuja na ndizi mlangoni kwako mara tatu," akasema, "nami nikamrudisha nazo. Utakwenda kusema hivi mbele ya watu."

Nikaenda kusema mbele ya abunzi, wapatanishi wa kule kilimani. Nilipomaliza, mama mmoja kati yao akamgeukia shangazi, akasema, "Haya, kurasa tumezisikia. Wewe bibi, kile kipande ulipewa na nani?" Kwa miaka saba hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulikuwa tunagombania pini iliyobana kurasa. Kumbe sheria ya ardhi inalinda haki iliyopatikana kwa mila sawasawa na iliyopatikana kwa maandishi, mradi ithibitishwe. Wazee wawili waliokunywa pombe ile ya mtama walikuwa bado hai. Kampuni ilipinga, shauri likaenda mahakamani, na kaka nami tukasimama kutoa ushahidi bega kwa bega bila kusalimiana.

Nawashukuru wazee wale. Namshukuru dada yetu mwanasheria, yuko hapa, anainamisha kichwa, aliyenisomea kila karatasi kwa sauti na hakucheka hata mara moja. Nawashukuru ninyi mliokuwa mkimtembelea shangazi Kagarama nilipokuwa nakwepa macho yake. Mahakama ilimrudishia shangazi kipande chake; upande wa juu hautarudi. Pale tulipochezea sasa pana bwawa la kuogelea, hatua chache kutoka ziwani, jambo ambalo bado sijalielewa. Na kama kuna funzo, ni hili: ukiwekewa karatasi mbele, sema "nisomee". Aibu yake ni ya dakika mbili. Yangu ilimla kaka yangu miaka saba.

Alhamisi iliyopita nilikuwa naosha vyombo, simu ikalia. Kaka.

"Hati imetoka," akasema. "Kipande cha chini. Jina lake peke yake."

Nikaweka sahani chini.

"Niko hapa na fundi. Anauliza mlango wa nyumba mpya ya shangazi uelekee wapi. Nani wa kuamua, mimi au wewe? Mwite mwenyewe."

Nilifuta mikono, nikampelekea shangazi simu uani. Hakuuliza habari ya hati. Alimuuliza kaka kama amekula, akamgombeza alipojibu bado. Kisha akasikiliza swali la mlango.

"Uelekee ziwani hapana," akasema. "Ziwa nimelitazama vya kutosha. Uelekeze njiani, mwanangu, nikuone ukija."