Kifungo cha Nne

CHISATO: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

GENTA: Mimi.

CHISATO: Mimi nani? Kila anayepiga simu ni mimi.

GENTA: Genta. Genta Murao, wa duka la tofu, Itoigawa. Tulisoma wote—

CHISATO: [kimya]

GENTA: Haloo? Umekata?

CHISATO: Sijakata. Ngoja nitoke hapa, nimo ndani ya treni, kuna mzee ananikodolea macho utadhani nimemwibia kiatu. [mlango wa behewa unafunguka, unafungwa] Haya, nipo mlangoni sasa. Genta! Miaka kumi na minne!

GENTA: Hujambo, Chisato?

CHISATO: Sijambo, labda wewe. Mama yako hajambo? Duka?

GENTA: Wote wazima. Mama magoti tu yanamsumbua, na baridi hii. Samahani nimekupigia ghafla—

CHISATO: Namba yangu umeitoa wapi?

GENTA: Kwa mama yako. Huja kununua tofu kila Jumanne na Ijumaa. Kanipa kwa sharti.

CHISATO: Mama yangu na masharti! Lipi?

GENTA: Nikuulize mwisho wa hadithi yako ya picha. Anasema humwambii, na wewe ndiye uliyeiandika. Ana hasira si kidogo.

CHISATO: Mwambie asubiri kama Wajapani wengine. Sura ya mwisho ninayo hapa kwenye mkoba, kurasa thelathini na mbili, nimechora kwa wino na mkono wangu mwenyewe. Leo saa kumi na mbili jioni namkabidhi mhariri. Watu wa sinema nao wanaingojea hiyo hiyo wamalizie kazi yao.

GENTA: Kumbe hujaikabidhi bado.

CHISATO: Bado.

GENTA: Afadhali.

CHISATO: Afadhali nini?

GENTA: Hakuna. Hongera, lakini. "Zamu Yetu ya Kufagia." Mji mzima hauna habari nyingine. Sugaya amepaka ukuta wa duka lake la kunyoa maandishi makubwa: "Hapa ndipo anaponyoa shujaa halisi."

CHISATO: Sugaya yupi? Nahodha wa besiboli?

GENTA: Huyo huyo! Anasema yule mvulana wa kwenye vitabu ni yeye mtupu. Watalii wanakuja kupiga naye picha.

CHISATO: Lo! Sugaya hajawahi kushika ufagio maishani mwake.

GENTA: Ndivyo nilivyomwambia mama. Lakini miaka yote hiyo niliamini. Nikajisemea, ah, kumbe ndiye aliyekuwa moyoni mwake. Ndiyo maana vitabu vyako sikuvisoma.

CHISATO: [kicheko] Hukusoma hata kimoja?

GENTA: Hata kimoja. Mpaka mwezi uliopita. Nilikuwa naangalia katuni yake kwenye runinga na Futaba, binti wa mdogo wangu, ana miaka saba. Wewe, mbona yule mvulana wamempa sauti ya mwanamke?

CHISATO: Ndivyo wanavyofanya kwenye katuni, usiniulize mimi.

GENTA: Na kwenye picha za sinema nimeona ni mwimbaji mrefu kama mlingoti, halafu anauza keki! Vitabuni kwao si wanauza konyaku, ile jeli ya viazi?

CHISATO: Wadhamini, bwana. Konyaku haipendezi kwenye matangazo. Na bado hujaona ile ya jukwaani, anaimba huku amesimama juu ya dawati. Nililia.

GENTA: Kwa uzuri?

CHISATO: Kwa aibu. Enhe, Futaba je?

GENTA: Basi ikafika ile siku yao ya kuhitimu. Theluji, wasichana wanalia, mvulana anang'oa kifungo cha koti la sare, anampa msichana wa zamu yake. Futaba akaruka: "Baba mkubwa! Huyu mjinga kahesabu kutoka chini!"

CHISATO: Alisema hivyo?

GENTA: Chai ikanipalia. Mama akanipiga mgongo mpaka—

CHISATO: Genta.

GENTA: Mambo ya kifungo kile tulijua wawili tu. Mimi na wewe, nyuma ya ghala la mafagio. Sugaya hakuwepo.

CHISATO: Hakuwepo.

GENTA: Nikanunua vitabu vyote kumi na viwili siku ile ile. Nimesoma siku nne. Tofu ziliungua.

CHISATO: Tofu haziungui.

GENTA: Za kukaanga zinaungua, wewe! Unaniambia mimi kuhusu tofu?

CHISATO: [kicheko] Haya, samahani, fundi.

GENTA: Basi yule... yule bwege wa vitabuni—

CHISATO: Sikusema ni bwege.

GENTA: Kitabu cha pili, ukurasa wa kwanza kabisa, umeandika "bwege".

CHISATO: Ni bwege anayependeza.

GENTA: Chisato, mbona kwenye sinema wamekigeuza? Nimesikia kifungo kimekuwa cha pili.

CHISATO: Mwongozaji anasema watazamaji hawataelewa. Kila mtu anajua cha pili kutoka juu ndicho kinachokaa karibu na moyo, ndicho mvulana anampa msichana anayempenda. Nikamwambia sawa, wewe weka cha pili, lakini vitabuni hakiguswi. Vitabuni ni cha nne. Kwa sababu nilipewa cha nne.

GENTA: Ndicho nilichotaka kuku— [mtandao unakwaruza] —kosa—

CHISATO: Sema tena? Huku kuna mahandaki, tumetoka moja sasa hivi.

GENTA: Nasema lilikuwa kosa!

CHISATO: Kunipa?

GENTA: Kuhesabu! Mama alinifundisha nikiwa mdogo kufunga koti kuanzia chini, nisiruke tundu. Maisha yangu yote cha kwanza ni cha chini. Siku ile vidole vimekufa ganzi kwa baridi, wewe umesimama mbele yangu na kile kitambaa chekundu shingoni, nikaanzia chini kama kawaida yangu. Moja, mbili, nikang'oa.

CHISATO: Vifungo vilikuwa vitano.

GENTA: Vitano.

CHISATO: Cha pili kutoka chini ni cha nne.

GENTA: Najua. Sasa najua.

CHISATO: Genta, cha nne kinakaa kitovuni! Ulinipa kifungo cha kitovu! Wenzangu wote wamebana vifungo vya moyo, wanalia kwa raha, mimi nimesimama na kitovu cha mtu!

GENTA: Mbona hukusema kitu?

CHISATO: Niseme nini? "Samahani, naomba kilichoko juu zaidi"? Nilisema "asante". Wewe ukasema "karibu". Nikajua basi, huyu ananiambia kwa adabu kwamba sisi ni wenzi wa ufagio tu. Kesho yake nikapanda treni, nimelia kutoka Itoigawa mpaka Ueno. Kondakta akaniletea maji.

GENTA: Na mimi nilikaa dukani wiki nzima nangoja uje. Nikasema, nimempa, hajaja, basi hanitaki.

CHISATO: Najizuia nisikutukane, nina jina kubwa mjini sasa.

GENTA: Tukana tu.

CHISATO: Bwege!

GENTA: Anayependeza?

CHISATO: Hilo silisemi leo. Na kile cha pili, cha kweli? Ulimpa nani?

GENTA: Sikumpa mtu. Kilibaki kwenye koti. Koti akarithi mdogo wangu, mwaka uliofuata naye akahitimu, akakichomoa akampa Nozomi wa duka la mchele.

CHISATO: Nozomi! Si ndiye—

GENTA: Ndiye mama yake Futaba. Wana watoto watatu. Kifungo chako kimefanya kazi, kilikosea nyumba tu.

CHISATO: [kicheko kirefu] Mungu wangu! Siwezi. Yule mzee ananichungulia kwenye kioo. Ngoja, ngoja nipumue.

GENTA: Pumua.

CHISATO: Sasa wewe, jana nilikuwa hapo Itoigawa, wanapiga picha za sinema shuleni.

GENTA: Najua. Kofia na barakoa. Ulipita mbele ya duka mara tatu.

CHISATO: Mara mbili.

GENTA: Tatu. Nilikuwa nakaanga, nakuona dirishani.

CHISATO: Mbona hukutoka?

GENTA: Mbona hukuingia?

CHISATO: Jibu wewe kwanza.

GENTA: Niliogopa. Nilikuwa nimevaa aproni, mikono mafuta matupu, na wewe mtu wa kwenye magazeti. Usiku sikulala. Leo nikaenda kwa mama yako kuuliza umefikia wapi, nije niseme. Akaniambia umeshaondoka asubuhi hii.

CHISATO: Si asubuhi. Niliondoka mchana, baada ya chakula. Alikudanganya, anataka uhangaike. Enhe, umenipigia uniambie hayo?

GENTA: Nimepiga kwa sababu ya hizo kurasa thelathini na mbili. Zinaishaje? Siulizi kwa ajili ya mama yako.

CHISATO: Msichana anapanda treni, anaondoka. Mvulana hajui kitu. Basi.

GENTA: Basi? Vitabu kumi na viwili, halafu basi?

CHISATO: Ndivyo ilivyokuwa, Genta! Ningeandika nini?

GENTA: Usizikabidhi.

CHISATO: Nini?

GENTA: Ukishamkabidhi mhariri, imeshachapwa, watu milioni wameshasoma kwamba uliondoka na mambo yakaishia hapo. Na wewe utaamini. Nakujua, ukiandika kitu unakiamini. Nakuomba, leo usi— [mtandao unakwaruza] —mpaka—

CHISATO: Mpaka nini? Genta? Haloo? Hii simu ina nini? Mbona mimi sipo handakini?

GENTA: —naam, nimerudi.

CHISATO: Na huo mvumo ni wa nini?

GENTA: Mvumo? Mashine. Tunasaga soya.

CHISATO: Saa tisa alasiri? Soya mnasaga alfajiri. Unaniambia mimi? Nilipita hapo kila siku miaka mitatu nikienda shule.

GENTA: Leo tumechelewa.

CHISATO: Genta Murao. Uko wapi?

GENTA: Mimi?

CHISATO: Uko wapi, wewe?

GENTA: Nimepita stesheni ya Joetsu, nakuja Tokyo. Treni ya nyuma yako.

CHISATO: Acha!

GENTA: Kweli. Nilitoka kwa mama yako moja kwa moja. Aproni bado ninayo.

CHISATO: Duka je? Leo Ijumaa!

GENTA: Nimefunga. Nimebandika karatasi mlangoni: "Mwenye duka amepatwa na jambo." Mara ya kwanza tangu babu afariki.

CHISATO: Haya mambo umeyatoa kitabu cha saba.

GENTA: Cha sita. Cha saba anapanda baiskeli.

CHISATO: [kwa sauti ndogo] Umesoma kweli.

GENTA: Chisato, simu yangu inakufa, sikuchaji. Nisikilize. Nilikupenda tangu ile zamu ya kwanza, uliponirushia kitambaa cha kufutia ubao. Na mpaka leo [mtandao unakwaruza] —kupenda.

CHISATO: Haloo? Umepotea. Sema tena.

GENTA: Nilisema nilikupenda! Na bado nakupenda!

CHISATO: Sikupati vizuri. Uko mlangoni au ndani ya behewa?

GENTA: Ndani. Mlangoni kuna mama na mtoto analia.

CHISATO: Watu wanakusikia?

GENTA: Wote! Kuna bibi ameshusha gazeti.

CHISATO: Basi mara moja tu, kwa sauti.

GENTA: NAKUPENDA! [kelele, mtu anapiga makofi] Samahani, wazee wangu. Samahani, bibi, samahani sana. Umesikia?

CHISATO: Nilisikia ile ya kwanza.

GENTA: Chisato!

CHISATO: Miaka kumi na minne, Genta. Mara tatu si nyingi.

GENTA: Bibi ananiuliza umejibu nini.

CHISATO: Mwambie... mwambie uso wako nimeuchora mara elfu moja na ushee, na kila mara nilikuwa nakasirika, na kila mara nilikuwa nafurahi. Mwambie nami nakupenda, bwege wewe. Usimwambie hilo la bwege.

GENTA: Ameshasikia, simu ina sauti kubwa. Analia.

CHISATO: Usishuke Tokyo. Shuka Ueno, stesheni moja kabla, toka lango la bustani. Nitakungoja hapo.

GENTA: Na mhariri wako? Saa kumi na mbili?

CHISATO: Nampigia sasa hivi, namwomba mpaka Jumatatu. Atapiga kelele, atanyamaza.

GENTA: Kwa hiyo unabadilisha mwisho?

CHISATO: Sibadilishi hata mstari. Msichana alipanda treni, aliondoka, ilimuuma. Hiyo inabaki. Naongeza ukurasa wa thelathini na tatu.

GENTA: Una nini huo ukurasa? Haraka, inakata, imebaki asilimia mo—

CHISATO: Sijui bado. Fika kwanza.